Kundi Lililokataza Kufumua

Wenzangu, mwenye simu mkononi aiweke chini kidogo, kisha anisikilize. Sisemi simu ni mbaya. Mimi mwenyewe ninayo na huwa naiegemeza kwenye kopo la chumvi nikipika. Nataka tu macho yenu yawe kwangu, maana jambo hili lilitokea juu ya kichwa changu hasa, katika nyumba ya ghorofa ya kwanza, na lilianza na kitu kizuri ambacho yeyote kati yenu angekisifia. Mama alitaka kumfumia mwanawe sweta.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko chini ya jengo letu, na juu yangu waliishi mume, mke na binti yao. Mume ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra, na akionekana amelala. Mke tulimwita Katibu, kwa sababu alikuwa katibu wa ofisi fulani mpaka ofisi ilipofungwa, na jina likabaki hata kazi ilipokwisha. Binti yao alikuwa darasa la tatu, nasi tulimwita Kasuku. Mtoto yule alikuwa anaongea, jamani. Alianza kusimulia habari za shule akiwa bado ngazini, kabla hajajua nani anamsikiliza. Akiingia saluni, wateja wangu wazungumzaji wote walinywea, maana hakuna aliyemweza.

Wakumbukeni kama nilivyowaona asubuhi moja ya Jumamosi. Katibu ameketi karibu na dirisha la saluni, sindano mbili za kufumia mkononi na ulimi umetoka kidogo kwa umakini. Kasuku yuko sakafuni na donge la uzi wa kijivu mapajani, anauachia uzi polepole huku akimweleza mama yake, bila kuvuta pumzi, kwa nini mwalimu wa hesabu anafanana na kuku aliyenyeshewa. Katibu alikosea mstari mzima kwa kucheka. Alikuwa amekaa miezi bila kazi na uso ulikuwa umeanza kumkauka, kwa hiyo nilifurahi kuusikia mcheko wake.

Kufuma alijifunzia mtandaoni, tena alianza vizuri. Aliandika tu maneno ya kawaida, jinsi ya kufuma kwa mtu anayeanza, akapata video nyingi kuliko alivyotarajia. Nyingine zilikuwa za haraka mno hata huoni uzi umepita wapi. Akachagua za mama mmoja aliyeweka kamera begani kwake, ili mikono yake ionekane kama mikono ya mtazamaji mwenyewe, na aliyekuwa akirudia kila hatua bila kuchoka. Akapata pia ukurasa wa maelekezo ya bure, wenye kofia na skafu, kila kitu kikiwa na picha ya kazi ilivyokwisha na maelezo ya uzi unaofaa. Mwisho akajiunga na kundi la wazi liitwalo Meza ya Wafumaji.

Kundi hilo lilikuwa na kelele kama sokoni. Kulikuwa na mzee mstaafu aliyekuwa akiposti kofia zenye sura ya sufuria na kujitetea kwamba kichwa chake ndicho chenye kasoro. Kulikuwa na mabinti wa chuo na wanaume wawili walioshindana kufuma soksi. Watu walitaniana, walibishana juu ya uzi, na aliyekwama alisaidiwa mpaka akakwamuka. Basi siku moja Katibu akaweka picha ya skafu yake ya kwanza. Ilianza nyembamba kama mkanda, ikaendelea kupanuka mpaka mwisho.

"Dada, unaongeza vitanzi pembeni bila kujua," mmoja akamwandikia. "Fumua mpaka pale ilipoanza kupanuka, kisha uwe unahesabu vitanzi kila mstari. Sote tumepita hapo."

Mzee mstaafu akaongeza kwamba akiendelea hivyo hivyo atapata pazia la sebuleni. Watu wakacheka, kama wanavyochekana huko kila siku. Katibu hakucheka. Kwa mtu ambaye ofisi ilimwambia hahitajiki tena, utani ule ulimwingia pabaya. Nilimwona akishuka ngazi siku ile na uso mzito.

"Wananicheka, shoga," aliniambia. "Watu wasionijua hata jina."

"Si wamekwambia na namna ya kurekebisha?" nikamuuliza.

"Wanataka nifumue karibu yote. Kazi yote ile."

Sikilizeni hapa, wenzangu, maana hapa ndipo mlango ulipofunguliwa. Siku hiyo hiyo aliletewa ujumbe wa faragha na mtu aliyejiita Mama Uzi. Picha yake haikuwa na uso. Ilikuwa mikono miwili imelazwa juu ya meza, mitupu. Ujumbe ulisema: "Tumeona wanavyokutendea. Kazi yako ni nzuri kupita zao. Kwetu hakuna anayefumua. Njoo."

Akaenda. Nani kati yetu hajawahi kuvishwa kilemba cha ukoka akatembea nacho barabarani kichwa juu?

Kundi la Mama Uzi lilikuwa la siri. Hukuweza kulitafuta ukalipata, ilibidi ualikwe. Halikuwa na kelele wala utani. Kila picha ya Katibu ilijibiwa papo hapo na watu wengi, na wote walisema neno moja: vizuri. Akikosea, vizuri. Akiacha tundu katikati ya kazi, vizuri. Masharti yalikuwa machache. Usifumue kamwe. Usimwonyeshe mtu wa nje. Usiulize kazi itakuwa nini.

Kazi yenyewe waliiita Vazi la Mpendwa. Kila mwanachama alitakiwa kumtaja mtu mmoja wa nyumbani mwake anayempenda kuliko wote, na kutuma vipimo vyake: urefu, upana wa mabega, mzingo wa kichwa. Kisha kila alasiri Mama Uzi alituma ujumbe wa sauti, tulivu na wa polepole, akiwasomea mistari ya siku hiyo, kitanzi baada ya kitanzi. Hata makundi ya kweli yana mchezo wa namna hii, wa kufuma kitu usichokijua mpaka kiishe. Ila huko aliyebuni kazi anajulikana, na ukitia shaka unauliza, unajibiwa. Hapa hapakuwa na wa kuulizwa.

Halafu ikaja mistari ya kimya. Mama Uzi alisema kuna mistari inayofumwa bila neno lolote kusemwa chumbani. Neno likisemwa, mistari yote ya siku hiyo inarudiwa juu ya iliyopo, kwa kuwa kufumua hakuruhusiwi, na vazi linakuwa refu bure. Kwanza ulikuwa mstari mmoja kwa siku. Baadaye ikawa mingi. Mwishowe, kuanzia mtoto anaporudi shule hadi anapokwenda kulala, nyumba ile ikawa ni mistari ya kimya mitupu.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba dari langu lilinyamaza. Zamani nilisikia vishindo vya mtoto juu, kiti kikiburutwa, wimbo, mama akimkaripia. Sasa nilikuwa nasuka na nasikia kitu kimoja tu, mlio mdogo wa sindano mbili zikigusana, tik, tik, tik, alasiri nzima. Wateja walianza kutazama juu. Mmoja aliniuliza kama kuna saa ukutani, nami nikamjibu kwamba sina saa ya ukutani.

Siku moja Kasuku aliingia saluni kutoka shule. Alikuwa amepungua, sare inamwelea. Akasimama mlangoni, hakusema kitu, akaitazama mikono ya kila mtu aliyekuwamo, mmoja mmoja.

"Mbona hivyo, mwanangu? Ulimi umeusahau shuleni?" nikamtania.

Akanisogelea, akaweka mdomo karibu na sikio langu. "Shangazi, humu kuna mtu anafuma?"

"Hapana."

"Basi naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa nini?"

"Kuongea."

 Nilimketisha kwenye kiti cha wateja, nikampa chai na mkate, naye akala kwa pupa ya mtoto ambaye hakumbuki alikula lini. Akanieleza mambo ya kimya, na ya sauti inayokuja kwenye simu. Alisema chakula siku hizi wanakula mama akimaliza, na mama hamalizi. Nikamuuliza kama anaogopa. 

"Napenda wakati wa kupimwa," alisema. "Mama ananivalisha halafu ananishika hapa na hapa. Nikisimama bila kutikisika ananishika muda mrefu."

Nilipanda ngazi siku ile ile. Katibu alinifungulia kwa shingo upande. Mapazia yalikuwa yamefungwa na vyombo vichafu vimejaa karai. Nilimweleza mtoto aliyoniambia, akanisikiliza kama mtu anayesubiri basi. Kisha, kwa kunituliza, akafanya asichotakiwa kufanya. Akanionyesha simu.

"Tazama mwenyewe walivyo watu wazuri. Wako mamia. Kila mmoja anamfumia ampendaye."

Nikatazama. Mimi kazi yangu ni mikono, ndugu zangu. Mtu akiniletea kichwa asukwe, naweza kumwambia alisukwa na nani kwa jinsi mistari ilivyovutwa. Nikapekua picha za mwanachama mmoja, wa pili, wa tatu, nikaendelea. Majina tofauti, uzi wa rangi tofauti, vyumba tofauti. Lakini katika kila picha kulikuwa na mikono ile ile, yenye ukucha wa kidole gumba cha kulia uliopasuka katikati.

"Katibu, hii ni mikono ya mtu mmoja."

Akainyakua simu. "Unatutafutia sababu."

"Nani ninyi?" nikamuuliza. "Hapa nakuona wewe na mtoto."

 Simu ilikuwa imeanza kusema, ile sauti ya polepole, naye akainua kidole akakiweka mdomoni kuninyamazisha. Nilitoka. Nyuma yangu nikasikia tik, tik, tik.

Jioni nilimpigia dereva, akanipokea kabla simu haijalia vizuri. "Dada, nami nilikuwa nataka kukupigia," alisema. "Huko nyumbani kuna usalama? Nikimpigia mke wangu anaitika tu mmh, mmh. Nikimwomba mtoto, nasikia anapumua, hasemi. Nasikia na kitu kama saa."

"Rudi nyumbani, shemeji."

"Nina mzigo mpakani."

"Mzigo wako uko hapa," nikamwambia, nikakata.

Alianza safari ya kurudi. Lakini barabara ni ndefu, na vazi lilikuwa limekaribia kuisha.

Ilikuwa alasiri ya mawingu mazito. Kasuku aliletwa na mwalimu wake kabla ya muda wa kutoka. Mwalimu alisema mtoto ana homa na anakohoa, na kwamba ameulizwa kinachomuuma hajibu, anatazama mikono ya watu tu. Nilimwona akipanda ngazi ameegemea ukuta. Nikamwita, akageuka, akatikisa kichwa kuniambia hapana, akaendelea kupanda. Nilikuwa na mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Niliendelea kidogo, vidole vikifanya kazi na masikio yakiwa juu. Tik, tik, tik, ikaanza. Ilikuwa ya haraka kuliko siku zote. Nikamwomba mteja radhi nikapanda na mkasi wangu mfukoni mwa aproni.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndani kulikuwa na giza la mapazia. Kwanza nilidhani ameweka mto mkubwa juu ya kigoda, mto wa kijivu, mrefu, uliosimama wima. Katibu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ikienda. Simu ilikuwa mezani, na sauti ikihesabu, moja, mbili, moja, mbili. Nikasogea. Ndipo nikaona sehemu fulani ya ule mto, mbele, ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, upesi upesi. Ilikuwa pumzi ya mtoto.

Alikuwa amemvalisha. Vazi lilianzia miguuni likapanda juu, halikuwa na mikono, halikuwa na shingo, halikuwa na mahali pa uso. Lilikuwa limempita kidevu, limempita pua, limempita paji, na sasa Katibu alikuwa akipunguza vitanzi utosini ili alifunge. Maelekezo ya siku hiyo yalisema vazi linafungwa likiwa mwilini mwa mpendwa.

"Kasuku," niliita. "Kasuku, mwanangu, nijibu."

Kichwa kilichokuwa ndani ya sufu kikatikisika polepole, kushoto na kulia. Alinisikia. Alikuwa anakataa kusema, kwa sababu ulikuwa mstari wa kimya, na hakutaka kumharibia mama yake kazi.

Nikaweka kiganja juu ya ule uzi nikausikia moto wa homa. "Katibu, mtoto anaungua."

"Mstari wa mwisho," alinong'ona bila kuinua macho. "Bado kidogo tu, shoga. Usiseme."

Nikatoa mkasi. Akauona, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayekueleza bei ya nyanya, "Usikate. Ukikata, vitanzi vyote vinaachia." Na simu, wenzangu, simu ikaacha kuhesabu. Sauti ikasema, "Usifumue." Nilisikia kwa masikio yangu mawili, na mpaka leo sijui kama yalikuwa maneno yaliyorekodiwa tangu asubuhi au la.

Hapo mtoto akaanguka. Hakulia, hakuinua mikono kujikinga, mikono yenyewe ilikuwa ndani. Aliinama tu upande akatoka kwenye kigoda kama mzigo uliowekwa vibaya, na mama yake akamdaka. Nadhani ni uzito wake uliomwamsha. Alikuwa mwepesi mno. Katibu aliukumbatia ule mfuko wa kijivu, akaubonyeza huku na huku akitafuta uso, na hakuupata. Aliutafuta uso wa mwanawe kwa vidole, juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe, na hakukuwa na pa kuingilia.

Akachomoa sindano. Akaukamata uzi akavuta. Mstari wa kwanza ukaachia, wa pili, ukawa unakimbia wenyewe, na kazi ya miezi ikashuka sakafuni ikajirundika miguuni kwetu. Likatokea paji la uso, yakatokea macho, yamefumbwa, ikatokea pua. Mdomo ulipotokea, midomo ilikuwa imebanwa kwa nguvu. Hata akiwa amezimia alikuwa amenyamaza kwa makusudi.

"Sema," Katibu alikuwa akimwambia huku akivuta. "Sema, mama. Sema chochote unachotaka."

Nilimbeba mtoto mimi, tukateremka. Tulipofika mlangoni simu ilisema nyuma yetu, "Tunasubiri," na wala hatukurudi kuizima.

Hospitali walituambia mapafu yamejaa maji, na kwamba tungechelewa hata kidogo tusingekuwa na wa kumpeleka. Dereva alifika kesho yake, vumbi la njia nzima mwilini. Alisimama miguuni pa kitanda akamtazama bintiye, kisha akamtazama mkewe. Nilijitayarisha kwa matusi.

"Mama Kasuku," alisema, "nilikuachia mtoto anayeongea."

 Dereva akavuta kiti akaketi, akalia kwa sauti wodini mbele za watu, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe hakumwachia mkewe mtu wa kuongea naye. Aliacha lori la mbali. Siku hizi anaendesha gari la kubeba maji papa hapa mjini na jioni yuko nyumbani.

Mtaniuliza lile kundi lilitaka nini. Nami nimejiuliza. Halikuomba senti. Halikuuza kitu. Dereva aliipeleka simu kwa fundi, fundi akapekua, akasema hakuna kundi la namna hiyo humo na hakuna alama kwamba liliwahi kuwamo. Katibu alifuta kila kitu, na ule uzi ukaviringishwa ukawa donge, nikaufungia mimi kabatini mwangu saluni.

Tungeweza kusema yameisha. Lakini baada ya muda Katibu alirudi kwenye kundi la wazi, lile la mzee wa sufuria, kwa kuwa alitaka kujifunza upya na sawasawa. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Siku moja nikiwa namsuka, akaniinulia simu ghafla. Mwanamke mmoja mgeni alikuwa ameandika: "Jamani, mimi ndio naanza. Nimealikwa kwenye kundi la siri, watu wapole sana. Wamenitumia picha ya mwenzao aliyemaliza. Nijiunge?"

Picha ilikuwa ya kigoda, katika chumba chenye mapazia yaliyofungwa. Juu ya kigoda kulikuwa na vazi la kijivu lililofungwa mpaka utosini. Lilikuwa limesimama wima, limejaa. Mikono miwili ilikuwa imewekwa juu yake, na mkono mmoja ulikuwa na kovu la pasi chini ya kidole kidogo. Kovu hilo nalijua. Liko mkononi mwa Katibu. Na vazi lile halikuwahi kufungwa, ndugu zangu, nililiona likifumuka kwa macho yangu, na uzi wake ulikuwa hatua chache kutoka tulipokuwa tumekaa. Nilikwenda kufungua kabati. Donge lilikuwamo, vile vile nilivyoliacha, na hilo halikunituliza.

 Katibu akaketi vizuri, nusu ya kichwa haijasukwa, akaandika. Aliandika mbele ya watu wote, kwa jina lake, bila kujipendelea: alivyochukia kusahihishwa, alivyomnyamazisha mwanawe, alivyoutafuta uso wake asiupate. Akamaliza kwa kusema, "Mikono unayoiona ni yangu, na mimi sikupiga picha hiyo."

 Halafu yule mgeni akajibu kwa maneno machache: "Asante, dada. Nilikuwa nimeshampima mwanangu."

Funzo la Kisa Hiki

Kosa la Katibu halikuwa kufuma, wala kujifunzia mtandaoni. Mtandao umewafundisha wengi sindano na unafundisha bado. Nami nawaambia nendeni. Tafuta kwa maneno ya kawaida, sema kwamba ndio unaanza. Chagua video ya taratibu inayokuonyesha mikono kutoka upande wa mfumaji. Anza na maelekezo ya bure yenye picha ya kazi iliyokwisha, kwani usichokiona mwisho wake usikianze. Soma maoni ya watu chini yake, maana waliokwama hapo kabla yako watakuonya. Ingia kundi la wazi, kaa kimya kwanza uone wanavyomjibu anayekosea.

Hicho ndicho kipimo, na ukisahau yote kumbuka hicho. Wenzako wa kweli watakuambia ufumue, na watabaki na wewe mpaka ufume tena. Kundi linalosifu kila kitu halikuoni. Anayekuvuta pembeni na kukuambia usiwaonyeshe wa nyumbani, mkimbie, hata kama ulimi wake ni asali. Vipimo vya mwanao si vya kumpa mtu usiyemjua uso.

Na kubwa kuliko yote: hakuna kazi ya upendo inayohitaji umpendaye anyamaze. Ukiona unamfanyia mtoto kitu kizuri na mtoto anapungua, acha kile kitu, mtazame mtoto. Nanyi waume mlio mbali, na sisi majirani tulio karibu, mtu aliyepoteza kazi akae na watu, asiachiwe simu peke yake.

Jumamosi sasa wafumaji wanakutana saluni kwangu. Kasuku huja. Anaongea, namshukuru Mungu, ingawa si kama zamani. Kabla ya kusema neno bado huitazama kwanza mikono ya mama yake. Na Katibu, kila akiona yale macho, hata awe katikati ya mstari, huziweka sindano sakafuni na kumgeukia.